Sentensi Mia Mbili na Kumi na Mbili za Mama Stesheni

Itangazwe kwa mataifa yote, kwa wanaosikia na kwa wanaojifanya hawasikii, kwamba zama za binadamu katika anga za mbali zilifunguliwa siku ya Jumanne, saa tatu kamili asubuhi, kwa sauti ya mwanamke mmoja iliyotikisa sayari saba. Zilifunguliwa ndani ya kabati la nguo.

Kabati lenyewe lilikuwa la milango miwili, mmoja umeng'oka, na lilisimama katika chumba kilichokuwa juu ya duka la dobi. Ndani yake yalitundikwa mablanketi matatu ya kuzuia mwangwi, na katikati ya mablanketi alisimama Mama Stesheni, karatasi mkono wa kushoto, kitambaa cha kufutia jasho mkono wa kulia. Mbele ya mdomo wake ilining'inia maikrofoni iliyovalishwa soksi. Soksi ilikuwa safi. Mkurugenzi alilisema hilo mara mbili bila kuulizwa.

Mama Stesheni hakuwa mwigizaji. Alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na tisa, na sauti yake ilikuwa ya aina ile ambayo ikikwambia treni imechelewa, unajiona wewe ndiye mwenye kosa. Mkurugenzi, kijana mwenye ndevu chache alizozifuga kwa ajili ya wawekezaji, alikuwa akiisikia kila asubuhi akienda kazini. Kazi yake ilikuwa kuongoza kampuni ya kutengeneza michezo ya kompyuta. Kampuni ilikuwa na watu wawili, yeye na Fundi wa Programu, na viti viwili, kimoja cha wageni.

Mchezo wao uliitwa Kikosi cha Zuhali. Mchezaji alikuwa askari wa angani aliyeruka kutoka sayari hadi sayari akipigana na maroboti, akiokota silaha na kujiongezea nguvu, toka kiwango cha kwanza hadi cha arobaini. Mengine yaliamuliwa na bajeti. Meli kuu ya angani ilitengenezwa kwa picha ya pasi ya umeme. Ardhi ya sayari zote saba ilikuwa picha ya kapeti la kufutia miguu mlangoni, ikibadilishwa rangi. Maroboti yalikuwa ya aina tatu: refu, fupi, na refu lililolala. Na kwa kuwa hapakuwa na fedha za waigizaji, kamanda, muuza silaha, kompyuta ya meli, mateka na maadui wote wangezungumza kwa sauti moja.

"Mama, ukifungua mdomo tu, mimi naona majeshi," Mkurugenzi alimwambia kupitia upande wa kabati usio na mlango.

"Mwanangu, mimi naona jasho," alijibu Mama Stesheni. "Twende haraka, nina zamu saa nane."

Alisoma sentensi mia mbili na kumi na mbili, kila moja mara moja tu, kwa sababu kabati lilikuwa la kuazima na mwenyewe alilitaka kabla ya mchana. Kila sentensi ilipewa namba. Kumi na nne za mwisho zilikuwa miguno ya watu na mashine zinazokata roho. Chini yao mashine kubwa ya dobi ilizunguka muda wote, na Fundi wa Programu, dada mpole aliyezoea kupunguza matarajio yake, akasema ungurumo ule wachezaji watauchukulia kuwa ni injini ya meli.

Kisha ukaletwa mkataba. Ulikuwa na kurasa kumi na moja. Mkurugenzi aliunakili mtandaoni, kutoka kwa kampuni moja kubwa ya mbali, akabadilisha jina la juu tu. Ukurasa wa tisa ulisema kwamba tangu siku mchezo utakapoingia sokoni, sauti ya msemaji itakuwa mali ya kampuni peke yake, katika dunia hii, katika sayari nyinginezo, na katika anga zote zitakazogunduliwa baadaye. Mama Stesheni alisaini bila kusoma. Kazini kwake karatasi husainiwa pale kidole cha mkubwa kinapoonyesha, na husomwa siku ya ukaguzi. Miaka kumi na tisa ya utaratibu huo ilikuwa haijamletea shida. Mkurugenzi naye alikuwa hajausoma. Kwa hiyo ni haki kabisa kusema kwamba pande zote mbili zilielewana.

Mchezo uliingia sokoni siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi Mama Stesheni aliingia chumba cha watoto kuwaamsha, akafungua kinywa, na kikatoka kitu hiki:

"Amka, askari. Vita havijaisha."

Nyuma ya maneno hayo, kwa mbali, ilisikika mashine ya dobi.

Mapacha wake wa miaka kumi waliamka wakaenda kupiga mswaki. Kitanda cha tatu kilikuwa na mtoto wa kaka yake, mwanafunzi wa shule ya bweni, kijana mwadilifu, mpole, mwenye sura ya kuvutia, aliyerudishwa nyumbani wiki tatu kabla ya likizo kwa sababu kengele ya shule ilikutwa ndani ya sufuria la uji, jambo ambalo hadi leo halina ushahidi. Kijana huyu alikuwa ameununua mchezo siku ile ile ulipotoka. Aliinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Hiyo ni namba moja," alisema. "Kamanda. Ndipo gemu inapoanzia."

Mama Stesheni alitaka kumwuliza namba moja ya nini. Kikatoka:

"Mlango huu hauwezi kufunguliwa kwa sasa."

"Hiyo ni mia na nne," alisema kijana.

Mezani, mume wake, fundi cherehani asiyependa maneno mengi kabla ya chai, alimwuliza kama sukari inatosha.

"Hali ya hewa ya sayari hii haifai kwa binadamu," alisema Mama Stesheni.

"Basi niongeze," alisema mume wake, akaongeza vijiko viwili.

Hadi mchana familia ilikuwa imehakikisha. Kinywani mwake hazikutoka ila zile sentensi mia mbili na kumi na mbili, kila moja vile vile alivyoisoma kabatini, pamoja na dobi wake. Akiungua kwa mvuke wa birika, alitoa mguno wa roboti fupi likifa. Akipiga chafya, chafya ilikuwa yake. Mkataba haukutaja chafya.

Jumatatu walikwenda kwa daktari. Daktari alimulika koo, akasikiliza kifua, akaomba amtamkie sentensi yoyote. Akaambiwa kwamba adui amevuka mpaka wa kaskazini. Aliandika.

"Koo ni zima kabisa," alimwambia mume. "Sauti haipo hapa kwa sababu ina ajira kwingine. Nimewahi kumtibu dada mmoja aliyeimba tangazo la sabuni. Yeye aliachiwa neno 'povu' tu. Nyie mna mia mbili. Shukuruni."

Wakashukuru, wakapewa vidonge vya kikohozi.

Mtu mzima akiachiwa sentensi mia mbili anaweza kuendesha nyumba. Mama Stesheni alipomkabidhi mama mkwe wake funguo za stoo, alisema, "Umepata ufunguo." Shemeji yake alipokuja kuazima baiskeli kwa mara ya tatu wiki hiyo, aliambiwa, "Huna nguvu ya kutosha. Rudi baadaye," akaondoka bila kinyongo. Mume wake alikiri kwa majirani kwamba mazungumzo yamekuwa mafupi na yenye mwelekeo.

Palipokwama ni kwa binti yake mdogo. Binti alikuwa na miaka sita, na tangu alipozaliwa mama yake alimwita kwa jina refu la mapenzi, lenye boga, mwezi na kijiko ndani yake, ambalo hakuna mwingine nyumbani aliyeweza kulitamka lote bila kukosea mpangilio. Kati ya sentensi mia mbili na kumi na mbili hapakuwa na boga. Mama Stesheni alizipitia zote, akachagua iliyokuwa na upole kidogo:

"Simama nyuma yangu, askari."

Binti alikuja akasimama nyuma yake, mikono imenyooka ubavuni. Alifanya hivyo kwa siku nne. Siku ya tano alimshika mama yake sketi.

"Mama, lini utaniita lile langu?"

Mama Stesheni alifungua mdomo, akaufunga, kisha akasema, "Subiri hapa. Msaada unakuja."

Binti akakaa ukumbini, juu ya kibao cha viatu, akisubiri. Alisubiri tangu saa nne mpaka chakula cha mchana kilipoiva.

Stesheni mambo yalikwenda vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Abiria walijifunza ndani ya siku mbili kwamba adui akivuka mpaka wa kaskazini, treni ya kaskazini imeingia. "Meli inaondoka, hatutamrudia aliyebaki" ilieleweka na kila mtu mara moja, na watu walikimbia kuliko zamani. Mwenye mizigo mingi alisikia, "Begi lako limejaa. Tupa kitu kimoja," na wachache walitupa kweli. Shida ilikuwa namba za majukwaa. Mchezo mzima ulikuwa na namba sehemu moja tu, pale bomu linapohesabiwa kurudi nyuma. Kwa hiyo treni ya jukwaa la pili ilitangazwa, "Tano, nne, tatu, mbili," kisha Mama Stesheni alijifunika mdomo kwa kiganja kabla moja haijatoka. Abiria wa jukwaa la tano walimsifu kwa uwazi wake. Wa jukwaa la kwanza walikuwa watu wavumilivu.

Mkurugenzi alikuwa mmoja wa abiria hao. Asubuhi moja alisikiliza tangazo zima, akafurahi, akafika ofisini, akafungua mkataba kwa mara ya kwanza ili ajue kama furaha ile ina msingi. Ukurasa wa kumi ulimlazimu kulinda mali ya kampuni popote itakapoonekana ikitumika. Aliandika barua stesheni, ya heshima sana, akieleza kwamba sauti inayotangaza treni ni ya Kikosi cha Zuhali na inatumika bila kibali.

Mkuu wa Stesheni alimwita Mama Stesheni ofisini, akamkaribisha kiti, akamsukumia barua.

"Dada yangu, mimi nakuheshimu," alisema. "Ungekuwa umekuja na sauti ya kuazima kwa mama mwenzio, ningefumba macho. Lakini hawa wameandika kwa herufi kubwa. Mpaka mwisho wa mwezi uwe umerudi na sauti yako mwenyewe. Ukishindwa, nitakuhamishia stoo ya mizigo. Kule hakuna kusema, ni kubandika karatasi tu."

"Ngao yako imebaki asilimia kumi," alisema Mama Stesheni.

"Najua, dada. Pole."

Siku iliyofuata walikwenda juu kwa dobi, yeye, mume wake na mtoto wa kaka yake, ambaye alijitolea kuwa mkalimani kwa kuwa alizijua sentensi zote kwa namba, na ambaye moyo wake siku hiyo ulikuwa mweupe kama shuka zilizokuwa zikizunguka chini. Mama Stesheni alipewa kiti cha wageni. Mkurugenzi alikaa kwenye kile kingine. Wengine walisimama.

"Tumekuja kwa amani," alisema Mama Stesheni. "Tunataka kilicho chetu."

"Themanini na nane," alisema Mkurugenzi, akifumba macho. "Siku ile ulivyoisema, mama, nywele zilinisimama."

"Kijana," alisema mume, "mke wangu hawezi kumwita mtoto wake. Mrudishieni."

"Mzee wangu, mimi siikatai. Iko hapa, haijaguswa." Mkurugenzi akamwomba Fundi wa Programu awaonyeshe. Fundi alifungua folda iliyoandikwa SAUTI YA MWISHO KABISA MPYA 2, na sauti ilikuwemo humo yote, imepangwa kwa namba, safi. Mume aliinama akaitazama kwenye skrini kwa muda, kama mtu aliyeonyeshwa ng'ombe wake katika zizi la jirani.

"Kuitoa ni kazi ya nusu siku," alisema Fundi wa Programu. "Tunaweka sauti yangu mahali pake, ya kwake inarudi. Nilishajaribu na ule mguno mdogo wa mwisho."

"Ndiyo maana juzi nilijikwaa nikasema 'aa' ya kwangu mwenyewe?" hivyo ndivyo Mama Stesheni angependa kuuliza. Alichosema ni, "Kifaa kipya kimegunduliwa."

"Ila kuna jambo," aliendelea Fundi, akimtazama Mkurugenzi. "Tulipotengeneza, hatukuwa na uwezo wa kuweka kumbukumbu vizuri. Mchezo unajua mchezaji amefika wapi kwa kuhesabu sentensi za mama alizosikia. Tukizitoa, kila mchezaji anarudi kiwango cha kwanza."

Mtoto wa kaka yake, ambaye wakati huo alikuwa kiwango cha thelathini na nane na nusu, alitazama viatu vyake, bila shaka kwa huzuni.

"Mnaona?" alisema Mkurugenzi. "Mimi si dikteta. Siwezi kuwaamulia wachezaji. Tupige kura. Jumamosi, saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Sauti ibaki au sauti irudi. Wengi wakisema irudi, Jumapili mama anaamka na sauti yake. Na ili msiseme tumewaonea, kila mtu wa nyumbani kwenu nampa mchezo bure, apige kura yake. Mko wangapi?"

Mume akahesabu kwa vidole: yeye na mke wake, mama yake mzazi, mdogo wake na mke wake, mapacha wawili, binti, na huyu mkalimani. Tisa.

"Mnaona?" alisema tena Mkurugenzi. "Familia kubwa. Hiyo ni nguvu."

Wiki hiyo kila mmoja alifanya aliloweza. Mume alibandika tangazo dukani kwake, juu ya kioo cha kujaribia nguo. Mapacha waliandika kwenye ukurasa wa wachezaji kwamba mama yao ni mtu wa kweli, wakajibiwa na mtu mmoja kwamba wahusika wote wameandikwa kwa ufundi mkubwa kiasi hicho. Abiria wa jukwaa la kwanza waliahidi kumwunga mkono, ila hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kompyuta.

Jumamosi saa sita na dakika kumi familia ilikusanyika mezani kuzunguka kompyuta mpakato moja. Mume alisisitiza kwamba kura ni siri hata ndani ya nyumba, hivyo kompyuta ikawekwa stoo, juu ya ndoo iliyofunikwa, na kila mmoja akaingia peke yake na kufunga mlango. Mama mkwe aliingia, akatoka, akaingia tena.

"Ni ile ya kijani au nyekundu?" aliuliza.

"Nyekundu, mama," alisema mwanawe.

"Nyekundu ina fuvu la kichwa."

"Ndiyo hiyo, mama. Kijani ni ya kuwaachia sauti."

"Waliochora hivi walilelewa na nani?" alisema mama mkwe, akafunga mlango, akabonyeza fuvu.

Binti mdogo alibebwa na baba yake mpaka mlangoni, akaachwa aingie mwenyewe kama watu wazima. Alitoka ametabasamu. Mtoto wa kaka aliingia wa mwisho, saa saba kasoro. Alikaa humo kwa dakika kadhaa, kwa sababu mtu mwadilifu hapigi kura kwa pupa.

Matokeo yalitoka saa kumi na mbili na dakika mbili. Sauti ibaki: kura elfu nne mia mbili na sita. Sauti irudi: kura nane.

Mkurugenzi alipiga simu mwenyewe. Aliomba iwekwe spika ili familia nzima isikie.

"Mama, sijui niseme nini. Watu elfu nne wanakupenda. Wengine wameandika kwamba wakisikia ile injini ya meli nyuma yako wanajisikia wako nyumbani. Unajua ni wasanii wangapi wanakufa bila kupata hicho?"

"Huna nguvu ya kutosha," alisema Mama Stesheni. "Rudi baadaye."

"Mia na sitini," alisema Mkurugenzi kwa hisia, akakata simu.

Mume alizima kompyuta, akairudisha kwenye mfuko wake. Mama mkwe alisema chakula kinapoa. Wakala. Mama Stesheni hakula sana. Aliangalia sahani zilizokuwa mezani, moja moja, akifika mwisho anaanza upya.

Mwisho wa mwezi alihamia stoo ya mizigo. Kazi ilikuwa ya kubandika karatasi kwenye maboksi, na hakukuwa na haja ya kusema. Stesheni ilinunua kengele. Abiria walilalamika kwa wiki moja, kisha wakaizoea, ila wa jukwaa la tano, ambao waliendelea kusema kwamba si kama zamani. Mkurugenzi alipata mwekezaji mdogo na kununua kiti cha tatu. Binti alianza kuitika akiitwa askari hata na watu wa nje, na mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba ni mtoto pekee darasani anayejua kupanga mstari.

Hapa ndipo habari hii ilipaswa kuishia, na ingeishia kwa heshima zake zote, kama mwandishi wake asingeliacha daftari hili juu ya meza akaenda kuoga.

Nilipotoka, Shangazi alikuwa amelisoma lote. Alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, na sare ya stoo ya mizigo, na kalamu ya risasi mkononi. Makosa mawili ya tahajia alikuwa ameyasahihisha. Pale palipoandikwa "mwadilifu, mpole, mwenye sura ya kuvutia" alikuwa ameweka alama ya kuuliza. Pale palipoandikwa "nane" alikuwa ameweka duara.

"Msaliti yuko miongoni mwetu," alisema. Dobi akaunguruma.

"Shangazi, kura ni siri," nilisema. "Mjomba mwenyewe alisema."

Alinyanyuka, akafungua droo, akatoa vijiko tisa, akavipanga mezani kwa mstari ulionyooka. Kisha akakichukua kimoja, cha mwisho kulia, akakiweka mbele yangu, akakaa.

Basi. Ni mimi. Mimi ndiye mtoto wa kaka yake, na sura yangu ni ya kawaida. Na kengele ya shule niliitia mimi kwenye uji, kama tunakiri tukiri yote. Saa saba kasoro ile nilikaa stoo juu ya gunia la mkaa, nikaangalia lile fuvu, nikafikiria bunduki ya miale niliyoipata kiwango cha thelathini na sita baada ya siku nane za kuua lile roboti refu lililolala, ambalo ni gumu kuliko linavyoonekana. Nilijiambia kura moja haiwezi kubadilisha kitu. Ni kweli, haikubadilisha. Lakini muda ule hakuna mtu aliyejua kwamba watakuwa elfu nne. Nilivyojua mimi, wangeweza kuwa nane kwa nane. Nikabonyeza ya kijani.

Hayo yote nilimwambia Shangazi, nimesimama, taulo shingoni. Nikamwambia pia kwamba kiwango cha arobaini nilikifikia siku ya pili yake, na kwamba hakina kitu. Ni kapeti la mlangoni, la kijivu, mpaka macho yanapoishia. Hakuna roboti. Hakuna mtu wa kusema hata sentensi moja. Nilimwuliza Fundi wa Programu, akasema fedha ziliishia thelathini na tisa, na hawakutarajia kwamba kuna mtu atafika.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho. Alifungua mdomo, akaufunga. Nilimwona anazipitia, toka ya kwanza, mia na nne, mia na sitini, mpaka kwenye miguno, na kurudi tena juu. Alifungua mdomo mara ya pili, na mara ya pili akaufunga. Mara ya tatu akaniwekea mkono begani.

"Umefanya kazi nzuri, askari," alisema. "Pumzika."

Ndiyo sentensi iliyokaribia zaidi. Sijui ilikaribia nini.